Kiatu Alichokichukua Bwana Afya

Mwezi wa sita, mwaka 1981, siku mbili kabla ya kugawa nguo za marehemu mume wangu, nilipoteza kiatu chake cha kushoto.

Mwizi alikuwa mbweha. Tulikaa pembeni mwa mji wa Karatu, karibu na machinjio, na mbweha wa pale walishasahau maisha ya porini. Mmoja tulimwita Bwana Afya, kwa sababu siku za kuchinja alifika kabla ya bwana afya wa serikali, akakagua kila kitu, na hakuwahi kukataa nyama.

Viatu vile mume wangu alivipenda sana, pengine kunizidi. Mvua ikinyesha alivivua, akatembea peku kwenye tope jekundu ili visichafuke. Vilikuwa karibu vipya, na mdogo wake wa kijiji cha Qurus ndiye angevirithi. Nikataka avikute laini. Nikavipaka mafuta ya kondoo, kama mama yangu alivyopaka ngozi za kulalia, nikavianika nyuma ya nyumba. Nilipotoka jikoni, Bwana Afya alikuwa anaingia kwenye mahindi na kimoja mdomoni. Wala hakukimbia.

Jirani yangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, umemwandalia kabisa! Ungemtilia na chumvi."

"Shemeji nitamwambia nini?"

"Sema kimeibwa."

"Kimeibwa kweli."

"Basi ishia hapo hapo. Mafuta usiyataje."

Siku ya kugawa, wazee walipokaa uani, shemeji aliulizia viatu. Nilikuwa nimejiandaa kuishia hapo hapo. Nikashindwa. Nikasema nilivipaka mafuta ya kondoo mwenyewe, nikaviacha nje, mbweha akala kimoja. Nikaleta kilichobaki. Niliogopa watasema vitu vya mume wangu sikuvitunza.

Shemeji alikipokea, akakinusa.

"Shemeji, kwa harufu hii, hata mimi ningekila."

Wazee wakacheka. Mmoja akamwambia aachane nacho, achukue koti.

"Koti nachukua," shemeji akasema. "Na hiki pia. Kaka alikitunza, shemeji naye akakitunza mpaka akazidisha. Nikiache kwa nini?"

Akalivaa koti, akakisukumiza kiatu mfukoni, kisigino kikabaki nje. Akatuaga, akashika njia ya Qurus.