Chai ya Chumvi ya Kisima cha Sudi

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alitutoka, nikaacha darasa la tatu pale Mitole nikashika sururu, na tangu hapo nimechimba visima hata sivihesabu, kwa hiyo aibu niliyoipata kijiji cha Sudi, kule pwani, nilikoitwa kuchimba kisima, nawasimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wambea.

Binti yangu Zuhura anasomea mambo ya maji chuo kikuu. Alikuja likizo na kompyuta yake, akapima mchanga wa Sudi, akanionyesha kwenye kioo jinsi maji yanavyopenya katikati ya chembe: matamu juu, rangi ya buluu, ya bahari chini, mekundu. Kila akishusha kisima, wekundu unapanda.

"Baba, ishia futi ishirini. Mitole chini kuna maji, hapa chini kuna bahari."

"Hayo maji ya kwenye kioo yamewahi kumlowesha nani?"

Nikashuka mpaka thelathini na tano (maji yalifoka, nikacheka peke yangu shimoni), nikapiga marufuku mtu kuonja kabla ya dua ya kukifungua kisima, mimi na wapishi tukiwemo, maana ndivyo nilivyofundishwa.

Siku ya dua kijiji kizima kipo, chai imepikwa, nami nimevaa kanzu nyeupe nawaambia watu kompyuta haina mikono. Kikombe cha kwanza akapewa Bi Somoe, mkongwe wao. Akaonja, akakitazama kikombe.

"Fundi, hii chai au mchuzi wa pweza?"

Kwa kiburi nikanywa changu chote bila kukunja uso, nikasema tamu kabisa, nikaomba na cha pili! Wanaume walicheka mpaka machozi. Wanawake waliozoea kufuata maji mbali hawakucheka, wakaokota ndoo zao wakaondoka. Hapo kiburi kikanitoka.

Zuhura hakunisimanga. Alinikalisha mbele ya kioo: tuzibe futi kumi na tano za chini kwa udongo wa mfinyanzi, tungoje mvua za masika zilete maji matamu, kisha watu wateke kidogokidogo. Nikaifukia kazi yangu mchana kweupe, kila mpita njia akiuliza, "Shikamoo fundi, siku hizi unachimba kwenda juu?"

Masika yalipopita Bi Somoe akaonja, akajaza ndoo.

"Haya mama, umenishinda," nikamwambia Zuhura. Akanibusu mkono, mjinga yule, nikalia.

Pwani sichimbi tena mpaka yeye atazame kwanza. Leo nina nyumba ya bati Mitole, ekari sita za korosho, mbuzi tisa, pikipiki moja, na Zuhura.