Nyoka wa Bustani ya Koko

Nilipokuwa mtoto, pale Moshono, enzi za Mjerumani, nyumba yetu ilikuwa na bustani ambayo panya hawakuigusa. Jirani zetu walitandaza miiba, wakamwaga majivu, wakatega mitego ya mawe bapa, na bado walivuna viazi vilivyotafunwa nusu. Kwetu panya walipita kando.

Bustani hiyo ilikuwa ya babu, lakini mbegu zilitoka boma: viazi, karoti na kabichi za jikoni kwa mkubwa wa Kijerumani. Sisi hatukuzila. Kila siku ya soko mama alijaza kikapu na baba akakipeleka kwa jumbe. Jumbe alikuwa Mwarusha kama sisi, ila aliwekwa na Wajerumani, na mtu aliyeleta kikapu pungufu alilazwa chini akachapwa kiboko.

Katika ukuta wa mawe uliozunguka bustani aliishi nyoka wa rangi ya udongo, mrefu kuliko mpini wa jembe. Koko, yaani bibi yangu mzaa baba, alisema huyo ni babu, amerudi kulinda mji wake. Siku zile hilo halikumshangaza mtu. Kila asubuhi alimmiminia maziwa kwenye kipande cha kibuyu, nami nilisimama nyuma yake nimeshika nguo yake ya ngozi. Niliwahi kumwuliza mbona babu haongei.

"Hata alipokuwa hai hakuwa msemaji," akanijibu.

Baba yangu, Lemayani, alikuwa ameanza kwenda kwa mwalimu wa misheni kujifunza ili abatizwe. Alikuwa mtu wa kushika jambo kwa mikono miwili. Asubuhi moja alirudi kutoka darasani, akachukua jembe, akaanza kubomoa ukuta. Nadhani mwalimu hakumwagiza. Alikuwa amewasimulia tu habari za bustani ya kwanza na nyoka aliyekuwamo, na baba akaona aibu kwamba kwake yumo mwingine, tena ananyweshwa maziwa.

Koko alikuja na kibuyu chake mkononi.

"Lemayani, acha. Huyo ni baba yako."

"Baba yangu hakuwa akila panya, mama."

Nyoka alipotoka, baba alimpiga akamkata mgongo, lakini hakufa. Alimwinua kwa jembe akiwa anajisokota, akamtupa juu ya moto wa magugu mbele ya Koko. Ilichukua muda. Mama alinifunika macho kwa kiganja, lakini masikio yangu aliyaacha wazi. Koko alimwaga maziwa chini, taratibu, mpaka tone la mwisho.

"Basi utakaa na panya," alimwambia mwanawe. Baada ya hapo hakumsemesha tena.

Mvua zilipokatika, panya wakaja. Mwanzoni waliuma karoti moja moja. Kisha wakaingia chini ya matuta wakala viazi kutoka ndani, hivi kwamba jani lilisimama bichi na chini yake hamna kitu. Baba alijenga upya ukuta, akaziba nyufa kwa udongo, akatega mawe bapa, akachoma pilipili kwenye mashimo mpaka sisi wenyewe tukatokwa machozi. Aliazima paka kwa familia ya Waswahili waliokaa karibu na boma, lakini paka huyo akatoroka baada ya siku chache akarudi kwao. Ikafika hatua panya wakawa wanatembea juu ya matuta mchana, baba amesimama palepale na fimbo. Koko alikaa mlangoni akiwatazama. Sikuwahi kumwona ametulia vile.

Kikapu kilipopungua mara ya kwanza, jumbe alimwonya. Kilipopungua tena, alikuja mwenyewe na askari wawili. Akatazama matuta, akamtazama baba, akaamuru alazwe hapohapo kati ya kabichi. Adhabu ilikuwa hamsa ishirini, kama ilivyoitwa, yaani viboko ishirini na vitano.

Lakini jumbe huyo alikuwa amelelewa karibu na mji wetu. Alimwita Koko mama, na utotoni alikuwa amekula kwake. Aliwainulia askari mkono wangoje, akamgeukia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Mwanao amekula mali ya boma, au ni panya kweli? Niambie wewe, nitakuamini."

Mama yangu alipiga magoti, akashika miguu ya Koko. "Sema, mama. Sema neno moja tu."

Koko alimtazama baba pale chini, shavu lake limebanwa kwenye udongo kwa buti la askari.

"Sijui," alisema. "Mimi simo katika bustani yake."

Wakampiga. Alilia mwanzoni, kisha akang'ata udongo. Walipoondoka mama alimpaka mafuta ya kondoo mgongoni. Koko aliingia ndani kupika uji, akanipa bakuli langu kama siku nyingine yoyote.

Jumbe alitunyang'anya bustani akampa mtu mwingine, na baba akapelekwa kuvunja mawe ya barabara. Alipoachiwa, Koko alikuwa ameshazikwa. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mama yake aliacha neno lolote kwa ajili yake.

"Alikutaja," mama alimwambia. "Alisema umesamehewa."

Baba aliitikia kwa kichwa, akaomba maji ya kunawa. Mimi ndiye niliyekuwa na Koko siku alipokata roho, nimemshika mkono. Aliomba maji, akaomba ngozi nyingine ya kujifunika. Jina la baba halikutoka mdomoni mwake.

Siku hizi nikisimulia habari hii wajukuu wangu hucheka. Nyoka hula panya, wananiambia, ukimwua nyoka, panya wataongezeka, babu anaingiaje hapo? Wanasema kweli, wala sibishani nao. Hilo la nyoka nimelielewa zamani. Lisiloniingia akilini mpaka leo ni yule bibi mpole aliyenichekesha asubuhi, aliyempenda marehemu mumewe kiasi cha kumletea maziwa kila siku, na aliyeombwa neno moja akalibana. Alikuwa amemwamini mfu kwa moyo wote, na siku ile moyo wa kumwonea huruma aliye hai haukupatikana. Nilimpenda, na bado nampenda. Lakini tangu siku ile, kila aliponipakata nilikaa nikiwa macho.