Kiti cha Mwalimu Hadassa

Katika Kamina nzima kiti cha namna ile kilikuwa kimoja tu, na mwenyewe alikuwa Hadassa Ngondo, mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya kanisa. Kilitembea kwa umeme wa betri mbili zilizofungwa chini yake, naye alikiongoza kwa kifimbo kifupi kilichosimama juu ya kisanduku, kwenye mkono wa kulia wa kiti. Kiliachwa na mmisionari mmoja mzee aliyefungasha virago baada ya uporaji wa mwaka 1991. Wengine waliachiwa sahani na mapazia. Hadassa, ambaye polio ilimnyima miguu tangu utotoni, aliachiwa kiti, na tangu hapo hakuna aliyembeba tena mgongoni kama mfuko wa mahindi.

Wajuaji wa mtaa walisema hakitamaliza mwaka, maana fundi wake yuko Ulaya. Fundi alikuwa Hadassa mwenyewe. Baba yake alikuwa fundi wa umeme wa reli, na kwa kuwa wenzake walikimbilia mpira asioweza kuufuata, yeye alikulia mezani kwa baba, bisibisi mkononi, akijifunza kupima nyaya. Swichi ya kiti ilipokufa, alifunga ya taa ya ukutani. Betri za asili zilipochoka, alitia za gari, akawa anazichaji kwenye kinu cha unga wakati injini inasaga. Kiti kilijaa viraka na sura yake haikumvutia mtu, lakini kilitembea, na waliokicheka waliachwa nyuma barabarani na vicheko vyao.

Mwaka 1997 askari waliokuwa wakikimbia vita walianza kupita mjini, wakibeba kila chenye thamani, na betri walizipenda kuliko kuku. Hadassa alikifungua kiti, akampa jirani yake vipande vya maana: betri zote mbili na kile kisanduku chenye kifimbo. Jirani huyo aliitwa Mama Débora, mjane aliyeongoza nyimbo za akina mama kanisani. Hakusema anavificha wapi, na Hadassa hakuuliza, maana usichokijua huwezi kukisema hata ukipigwa. Askari waliingia, wakakikalia kiti kwa zamu, wakaona hakina uhai, wakaenda zao na redio.

Mji ulipotulia, Mama Débora alirudisha vitu vyote vikiwa vinang'aa. Hadassa alifunga kila kimoja mahali pake, akawasha. Taa ndogo ya kisanduku ilikonyeza, na kiti kikabaki palepale. Alizima, akawasha tena. Taa ilikonyeza vilevile, kama mtu anayejua jambo na hataki kulisema.

Habari kwamba kiti cha mwalimu kimekufa ilifika hadi Kaniama, kwa Noé, mdogo wake, mkulima mwenye moyo mwema na haraka nyingi. Alituma ujumbe kwamba Jumamosi atakuja na lori la mahindi amchukue dada yake akakae kwake. Chumba kiko tayari, alisema, na mke wake atamhudumia kwa kila kitu. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Hadassa alijua kwamba akipanda lile lori, darasa lake litapewa mtu mwingine, na yeye atamaliza miaka yake yote akiwa mgeni anayepakuliwa chakula. Wazo hilo lilimkata maini.

Alipima betri, zilikuwa nzima. Alipima nyaya na fyuzi, akazifungua injini za magurudumu akazifunga tena, hakuona kasoro. Hasira zikampanda, akakipiga kisanduku kofi, kisha akaona haya kupigana na kitu kisicho na mikono.

Jumamosi asubuhi alikipakata kisanduku kwa mara nyingine, na safari hii akakitazama badala ya kukipima. Kifimbo kilikuwa kimeinama kidogo, kidogo sana, upande wa kushoto. Akakumbuka tabia ya kisanduku kile: ukikiwasha wakati kifimbo hakijasimama wima, kinakataa kuondoka, kisije kikamrusha mtu. Aliinua mpira unaofunika shina la kifimbo. Chini yake palikuwa na kitu cheupe, kikavu, kigumu kama bukari iliyolala, ugali wa jana. Akamwita jirani yake.

"Mama Débora, hii kisanduku uliificha wapi?"

"Mu unga ya mihogo, chini kabisa ya mufuko. Nani angeitafuta mule?"

"Na kisha?"

"Kisha niliipangusha na kitambaa ya maji, muzuri. Ningekurudishia kintu yako na buchafu?"

Hadassa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mama wa watu alikuwa amefanya kama alivyolelewa, kwamba cha mwenzako hukirudishi kichafu, na kwa usafi wake ameupika unga ndani ya kisanduku. Mama Débora alipoelewa alitaka kulia. Hadassa alimwambia machozi hayasaidii, kinachotakiwa ni lutuku kidogo, ile pombe kali ya mtaani, maana maji yangebaki ndani na kuleta kutu. Basi kiongozi wa nyimbo za kanisa alijifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, akaenda kununua pombe mchana kweupe, akirudia kumweleza muuzaji kwamba ni ya mashine.

Hadassa alikwangua unga kwa kipande cha spoki ya baiskeli, akapangusa kwa tone baada ya tone la lutuku, hadi kifimbo kikawa kikisukumwa kinarudi katikati chenyewe. Akafunga, akapanda, akawasha. Taa ilitulia. Alisukuma kifimbo mbele, na kiti kikaondoka naye kuelekea mlangoni, taratibu, kikinuka kama kilabu. Alijisikia mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo njiani.

Noé alimkuta uani. Hakukitazama kiti. Aliinama kama zamani, mikono imefunguliwa, ili ambebe hadi kwenye lori. Hadassa alivuta kifimbo, kiti kikarudi nyuma, na mikono ya Noé ikabaki na hewa. Noé alisogea tena, dada akarudi tena. Ndipo mdogo wake alipojiinua na kukaa juu ya kinu cha kutwangia, uso ameufunika.

Hadassa alidhani amemkosea. Akamsogelea, akamwambia asikasirike, chumba chake ni kizuri, ila darasa linamngoja.

"Hapana, yaya," Noé alimwambia dada yake, akipangusa macho. "Tokea Kaniama, mu njia yote, minyi nilikuwa naomba Mungu weye ukatale. Kwangu ungekuwa mugeni tu; hapa uko mwalimu."