Kanga niliyomvalisha mtoto Halloween, Missouri City

Wakuu, poleni na majukumu. Huwa nasoma tu humu, leo nimejikaza nifungue uzi. Hii siyo chai, imetokea nyumbani tunapoishi. Elimu yangu ni la saba, naandika taratibu, nivumilieni.

Nakaa huku Marekani na baba mdogo na mkewe, ambaye namwita mama mdogo. Yeye ni nesi. Mama yake mzazi alifariki Tanga mwaka jana, na hakwenda kuzika kwa sababu makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa hayajakamilika.

Binti yao Neema ana miaka saba. Halloween, watoto huvaa mavazi ya ajabu na kugonga milango kuomba pipi. Kila costume dukani aliikataa.

"I want to be Bibi," akasema. Bibi ndiye huyo marehemu wa Tanga, Neema alikuwa anamuona kwenye simu tu.

Mama mdogo alikuwa anawahi shift. Akaniambia, "Mtafutie chochote humo ndani, mwanangu."

Kabatini kwake nikakuta kanga moja kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Ilinuka moshi na mafuta ya nazi.

Nikaona mtoto hawezi kutoka na nguo inayonuka. Nikaifua kwenye mashine kwa sabuni ya kunukia, nikaikausha.

(Mwenzenu nilijiona mtu wa maana kweli.)

Jioni nikamfunga Neema kanga, nikampaka unga kichwani uwe mvi. Akainama, akashika kiuno. Kila mlango akiulizwa yeye ni nani, anajibu, "I'm my bibi!" Watu wanacheka, ndoo inajaa. Mimi nilisimama barabarani, naona aibu kuongea.

Tulirudi tukamkuta mama mdogo ndiyo anashuka kwenye gari. Alipomuona Neema akacheka, huku machozi yanamtoka.

"Jamani, mama yangu huyu!"

Akapiga magoti, akamkumbatia, akaweka uso kwenye kanga. Akanusa. Akanusa tena, upande wa pili.

"Umeifua?"

"Ndiyo, mama. Ilikuwa inanuka."

Hakunigombeza. Alikaa chini pale mlangoni na uniform yake. Baba mdogo ndiye aliyenieleza baadaye: walipogawa nguo za marehemu, dada wa mama mdogo alimtumia hiyo moja, haijafuliwa. Siku akizidiwa alikuwa anafungua mfuko, ananusa kidogo, anafunga haraka isiishe.

Na watoto walikuwa bado wanakuja. Yeye hawezi kuinuka, mimi nawapa pipi juu ya kichwa chake.

Nilichojifunza: kitu cha mtu kikiwa kimefungwa, uliza kwanza. Mimi aibu ilinizuia hata kumpigia simu kazini.

Kanga ameirudisha mfukoni, mafundo mawili kama mwanzo. Jana nilimsikia anaufungua. Sasa hivi hafungi haraka tena.

Mliowahi kupoteza kitu cha marehemu kwa mkono wa mtu wa nyumbani, alifanya nini mkaweza kumtazama tena? Niambieni. Nasoma zote, hata nikichelewa kujibu.