Ramani ya Malinya katika Faili ya Naibu Chansela

Saa nane na dakika arobaini mchana, siku ya Jumanne, dereva wa naibu chansela aliweka katoni juu ya meza yangu akasema bosi anataka nakala sita kufikia kesho yake asubuhi. Jalada gumu, rangi ya damu ya mzee, herufi za dhahabu. Muhula wake wa kwanza wa kuongoza chuo ulikuwa ukingoni, na Ijumaa baraza lingeamua kama apewe wa pili.

Mimi hufunga vitabu. Kibanda changu kinatazamana na lango la chuo hicho cha binafsi, nje kidogo ya mji wa Kakamega, na kila hatua ya mtu huyu imepita chini ya kibano changu. Tasnifu yake ya uzamifu niliifunga mimi. Niliisoma yote, maana sishoni kurasa kabla ya kuzisoma. Ukurasa wa arobaini hupenda kutangulia wa thelathini. Ilikuwa kazi ya heshima, juu ya udongo wa mashamba ya miwa, na ilionekana wazi kwamba udongo huo aliuchimba mwenyewe. Baada ya hapo hakuandika tena kitu kilichonifundisha jambo.

Alipotaka kuwa mhadhiri mwandamizi alileta makala tano. Alipotaka uprofesa mshiriki alileta tisa, nne kati yake zikiwa zile za zamani zilizovishwa vichwa vipya. Alipokuwa mkuu wa kitivo makala zilikoma, zikaanza picha za kukata utepe. Faili ilizidi kunenepa.

Alikuwa amegundua kwamba hapa kwetu njia ya kupanda hupitia matangani. Kila Jumamosi alikuwa kwenye mazishi ya mtu, akishika kipaza sauti, akiwaliza wajane wa watu asiowajua. Kiti cha naibu chansela kilipobaki wazi, wazee walitoka kwa ujumbe hadi kwa wadhamini wa chuo wakidai apewe mtoto wao. Alipokipata walichinja fahali, na mzee mmoja akamsifu hivi: wengine husoma vitabu, huyu wetu anavitawala. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nakula nyama ya fahali huyo.

Sasa nilipanga kurasa za katoni. Ndani ya makala ya saba, mpya ambayo sikuwahi kuifunga, jina lake peke yake juu, nilikuta ramani ya mashimo ya dhahabu ya Malinya.

Niliijua ramani hiyo. Miaka minane nyuma, mwanafunzi wa uzamili aliichora kwa mkono kwa ajili ya tasnifu yake, akifuata mashimo ambayo baba yake mwenyewe alichimba. Alikuwa ameiweka shule moja mahali pawili, ng'ambo zote mbili za mto. Nilimwonyesha, akasema muda umekwisha, nikaibandika hivyo hivyo. Msimamizi wake alikuwa huyu profesa. Na humu katika makala yake, shule ilikuwa bado iko mahali pawili.

Mwanamke huyo sasa anafundisha chuoni humo humo, kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja. Nilimpigia simu, akafika kabla ya saa kumi. Aliitazama ramani, kisha akatafuta jina lake kwenye shukrani. Halikuwepo. Nilimwambia naweza kuliandikia baraza barua. Tasnifu yake na makala hii zikiwekwa pamoja, hakuna haja ya maelezo.

Mama yake ni wa ukoo wetu, kwa hiyo huniita mjomba kwa lugha ya nyumbani.

"Khotsa, mkataba wangu uko mezani kwake, haujasainiwa," alisema. "Barua ikitoka, atajua imetoka kwa nani."

"Kwa hiyo nifunge?"

"Funga, usifunge, hiyo ni kazi yako. Barua, hapana. Nina watoto wawili shuleni."

Alirudi darasani. Nilizipanga kurasa zote sawasawa, kama nilivyozoea, nikazirudisha katika katoni. Dereva alipopita saa kumi na moja kuona nimefika wapi, nilimkabidhi mzigo wake bila kuufunga. Akauliza nina shida gani na bosi. Nikamjibu kwamba nimeisoma faili, ramani sikuitaja.

"Kwani fundi, wewe husomanga vitu za watu?"

"Zote. Tangu tasnifu yake."

Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. "Na yeye mwenyewe hasomangi."

Faili ilifungwa mjini, kwa gundi mbaya, nasikia. Ijumaa baraza lilimpa muhula wa pili bila swali hata moja. Wiki iliyofuata alisaini mikataba ya wahadhiri wa muda kwa mkupuo, bila kutazama majina, na wa binti aliyechora ramani ya Malinya ukiwamo. Anaendelea kufundisha. Nakala sita, kwa shilingi mia tisa kila moja: nilipoteza shilingi elfu tano na mia nne.