Mzunguko Aliouacha Kibwana

Usiku ule nililala nimekaa, kikombe cha uji kimepoa mkononi, na dada yangu Tatu yuko chumba cha pili kageukia ukuta. Hospitali walikuwa wamemrudisha. Walisema mpelekeni nyumbani mkamtunze, na maneno hayo kila mtu anajua maana yake. Tangu arudi alikuwa hataki kutia kitu kinywani. Jioni nilikuwa nimembembeleza sana.

"Kunywa kidogo, Tatu."

"Una madonge."

"Nimeuchuja."

"Umeuchuja kwa nini, kwa soksi?" Akacheka, kikohozi kikamkata. Kisha akasema, "Kaka, niache. Chuma kimeshagongwa."

Chuma ni kile kipande cha reli kinachoning'inia pale ofisi ya shamba la mkonge, hapa tulipozaliwa na tunapozeekea. Mpaka leo kinagongwa. Asubuhi watu wanaingia, jioni nyapara akikigonga kazi imekwisha. Mkata mkonge hamalizi hata jani alilolishika, mkono wenyewe unaachia kisu. Hata michezo yetu ya shamba ilikuwa hivyohivyo: wa kwanza akifika, chuma kinalia, mbio zimekwisha, twendeni tukale pilau. Mtanisamehe nazungukazunguka, darasani sikukaa sana, ila bila chuma hiki ndoto yangu hamtaielewa.

Maana aliyenijia ni shemeji Kibwana, mume wa Tatu, marehemu wa siku nyingi.

Ilianza tuko kwenye mkonge, mimi na yeye, mistari imenyooka. Kutazama tena, mistari ile imekuwa njia za uwanja, zimechorwa kwa chokaa, na baridi ya ugenini inanipanda miguuni. Uwanja nikaujua. Ni ule tuliopelekwa ujanani, nchi yetu bado changa, na mashindano yale ya mataifa nayo bado machanga. Siku ya ufunguzi wenzetu wa nchi kubwa walipita kwa safu na matarumbeta. Sisi alikuwepo Kibwana wa kukimbia, mimi wa kurusha mkuki, bondia mmoja, na kiongozi aliyebeba bendera. Kivuli cha bendera kilitutosha wote. Makoti yetu yalishonwa kwa kukisia, langu likanifika magotini, Kibwana akaniita padri safari nzima.

Ndotoni makoti hayapo. Kibwana amevaa fulana ya taifa, imelowa jasho, yuko peku. Hajazeeka. Mimi ndiye huyuhuyu, na fimbo yangu.

"Shemeji, kaa basi," nikamwambia.

"Sijamaliza."

Sikumuuliza hajamaliza nini. Najua. Siku ile ya mbio ndefu alikuwa mbele peke yake, vijana wa mataifa wanahema nyuma yake. Alipofika mstarini, mzungu mmoja akapiga kengele. Kule kengele maana yake umebaki mzunguko wa mwisho. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza. Nani anauliza maana ya kengele? Kibwana akasimama. Akainua mikono juu, akamwendea yule mpiga kengele ampe mkono. Mimi niliona wale wa nyuma hawapunguzi mwendo, nikapiga kelele toka kule kwenye mikuki, "Kimbia! Kimbia, we!" Naye akanipungia, akidhani namshangilia. Wakampita mmoja mmoja.

Tuliporudi shambani, watoto wakimwona wakawa wanagonga sahani. Baadaye walimhamishia korona, kule kwenye mashine za mkonge, vumbi likamla kifua. Jina la Kengele likamfuata hadi makaburini, hata mchimba kaburi nilimsikia akilitamka. Tatu peke yake hakuwahi kumwita hivyo.

Basi tuko pale mstarini, na majukwaa yamejaa. Watu wote wa shamba waliotangulia mbele ya haki, manyapara, wakataji, mama yetu mzazi, wamekaa na sahani mapajani. Hakuna anayegonga. Kimya kile kilinitisha kuliko kelele. Na kwenye chokaa anakuja mtu anakimbia, kanga kaifunga kiunoni. Ni Tatu. Anatokea kwenye kona ni msichana, na kila anavyotukaribia anakonda, anakonda, mpaka amekuwa huyu wa chumba cha pili.

Chuma kinalia. Si kengele ya wazungu, ni chuma chetu chenyewe. Tatu anasimama. Anakaa chini palepale, anageukia ukuta. Ukuta upo, sijui umetoka wapi.

Kibwana ananishika mkono. Vidole vyake vya baridi, bado vina makovu ya miiba ya mkonge.

"Mbona amesimama?"

"Kasikia chuma, shemeji."

"Nani kamwambia chuma ndio mwisho?"

"Si wewe mwenyewe..." Nikayameza.

Nafungua kinywa nimwite Tatu, sauti haitoki. Kibwana naye anafungua chake, inatoka hewa tupu. Nadhani aliyekufa hasikiki na aliye njiani kumfuata, wala aliye usingizini. Akanigeukia.

"Wewe utaamka. Mwambie bado mzunguko mmoja."

"Mmoja tu?"

Akatazama miguu yake kwenye chokaa. Na kule jukwaani nikamwona mama anasogea kwenye benchi, taratibu, anaacha nafasi ya mtu kukaa.

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka, uji umemwagika kwenye shuka. Nikakoroga mwingine, nikauchuja, nikaenda nao chumba cha pili.

"Tatu."

"Kaka jamani, hata jua bado."

"Mumeo kanituma."

Akageuka. Tangu atoke hospitali hakuwa amenigeukia hivyo, uso mzima.

"Kasemaje?"

"Kasema chuma si mwisho. Bado mzunguko mmoja."

Akanitazama sana. "Mmoja?"

Nikatazama miguu yangu, kama alivyofanya yeye. Habari ya mama kusogea sikumwambia, na sidhani kama ilihitajika.

Kikamtoka kicheko kikavu. "Mwanamume huyo! Leo ndio kajua kuhesabu." Machozi yakamshuka kuelekea sikioni, hakuyafuta. Kisha akanyoosha mkono. "Haya, lete huo uji wako wa madonge."

Nikamwinua, nikamwegemeza kifuani kwangu, mwepesi kama mganda wa mkonge uliokauka. Alikuwa ndio kwanza kaonja, nje chuma cha asubuhi kikagongwa, watu waingie shambani. Kikombe kikasimama karibu na mdomo.

Nikangoja.

Akanywa.