Kwangu Inafanya Kazi

Mdogo wangu wa kiume ukimwambia wali wake haujaiva, atakujibu, "Mimi mbona naula?" Bomba likivuja, kwake halivuji. Mkewe alishamzoea, anamwekea ndoo chini ya bomba na kuendelea na mambo yake.

Mtu huyo anaandika programu za kompyuta. Ghala la vipuri vya magari lilimchukua kwa majaribio, aandike programu ya kuonyesha kipi kimebaki rafuni. Ikikubali mbele ya meneja, anathibitishwa kazini. Ikigoma, anaondoka. Mkewe, karani wa mapokezi hapo hapo, alikwisha kuwatangazia wote kwamba mumewe ni moto wa kuotea mbali.

Sasa, programu hazijitoshelezi. Zinaazima vipande vilivyoandikwa na wengine, vinaitwa maktaba. Na kompyuta ina folda zake ilizozoea kutafutia. Ikikuta humo jina inalolitaka, inabeba, haiulizi kama ni jipya au limeota ukungu. Folda nyingine haichungulii mpaka uielekeze. Kompyuta ya kwake, bwana mkubwa alishaielekeza siku nyingi kwenye folda yenye maktaba mpya, akasahau. Kwenye kompyuta ya ghala folda hiyo aliiweka, ila hakuielekeza; programu ikaenda palepale pa mazoea, ikabeba maktaba kuukuu, ikagoma.

"Kwangu inafanya kazi," akasema.

"Basi wateja wote tuwahamishie kwako," meneja akajibu.

Fundi mwenzake, dada mmoja mpole, akamnong'oneza, "Kaka, ionyeshe tu njia ya folda yako. Ni mstari mmoja."

"Dada, mimi mashine siielekezi. Mimi naiamuru."

Akaifuata maktaba kuukuu kulekule inakokaa, akaifuta, akaweka mpya kwa jina lilelile. Programu ikafunguka. Meneja akatabasamu. Mapokezini kikasikika kigelegele.

Kigelegele hakijaisha, mashine ya kuchapa risiti ikanyamaza. Geti la kupakia mizigo nalo likakataa kufunguka. Kumbe programu zote za ghala zilikuwa zinanyonya kwenye ile kuukuu, na mpya hazikuijua hata kwa sura. Nje malori yakapangana, madereva wakaanza honi na matusi.

"Irudishe ya zamani," meneja akasema taratibu. Meneja akisema taratibu, ujue umekwisha.

"Nimeifuta, bosi."

"Umeifuta ukaiweka wapi?"

"Nimeifuta tu."

Yule dada akaenda kunakili maktaba ile kuukuu kutoka kompyuta ya stoo, akairudisha mahali pake, geti likafunguka. Kisha akaandika ule mstari mmoja, na programu ya mdogo wangu ikafunguka pia, bila kumuumiza mtu.

Mdogo wangu hakuthibitishwa. Hakufukuzwa pia, kwa sababu programu yenyewe ni nzuri, hilo simnyimi. Majaribio yameongezwa, na haruhusiwi kugusa kompyuta ya ghala mpaka dada awe amesimama nyuma ya kiti chake.

Majirani amewaambia kwamba amepewa msaidizi.